Kungoja "Ila"

Hotuba ya muuguzi wa afya ya akili kwa ndugu wa Afrika Mashariki wanaoishi Minnesota, mwezi Mei

Baba zangu na mama zangu mlioketi mbele, shikamooni. Wachungaji wetu, masheikh wetu, viongozi wa jumuiya, nawasalimu kwa heshima zote. Kaka na dada, habari za Jumamosi? Na ninyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, mambo vipi?

Mmesikia mlivyojibu. "Marahaba." "Nzuri." "Salama." "Poa." Ukumbi mzima huu hakuna hata mmoja aliyesema vibaya. Nami nimeishi nanyi miaka mingi, najua kwamba humu ndani yupo aliyefiwa na mzazi na hakuweza kwenda kuzika kwa sababu makaratasi hayajakamilika. Yupo aliyetoka shifti ya usiku asubuhi hii na hajalala bado. Wote mmesema nzuri, na hamkudanganya. Ndivyo tulivyolelewa. Kwetu mtu akikuuliza habari za nyumbani, unasema nzuri, unanyamaza kidogo, halafu unasema "ila". Nzuri, ila mtoto ana homa. Njema, ila shangazi ametutoka. Jibu la kwanza ni adabu. Habari yenyewe iko nyuma ya "ila", na anayeisikia ni yule aliyesimama akangoja.

Nimeombwa niseme nilikotoka, kazi ninayofanya, na namna ninavyowahudumia wagonjwa wangu. Huu ni mwezi wa Mei, ambao hapa Marekani tangu mwaka 1949 umekuwa mwezi wa kuzungumzia afya ya akili, na viongozi wenu wakaona mwaka huu tuzungumze kwa Kiswahili. Nashukuru. Nitazunguka kidogo, mnivumilie. Na wagonjwa nitakaowasimulia nimebadilisha mambo yao kiasi kwamba hata mkiwa majirani zao hamtawajua.

Nimezaliwa Dodoma, si mbali na Mirembe. Hospitali ile ilijengwa mwaka 1927, na kwa sisi watoto wa mtaani jina lake lilikuwa tusi kabla halijawa jina la hospitali. Mtu akicheka peke yake, "umetoroka Mirembe?" Wakenya msitabasamu, ninyi mna Mathari. Waganda mna Butabika. Wazanzibari, Kidongo Chekundu. Ndugu zangu wa Rwanda mna Ndera, wa Burundi mna Kamenge, na wa Bukavu mna Sosame. Kila nchi yetu ilijenga mahali pa kuwatibu watu wanaoumwa akili, na kila nchi ikaligeuza jina la mahali hapo kuwa tusi. Sijawahi kusikia mtu anatukanwa kwa jina la hospitali ya figo.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa seremala. Meza aliyomtengenezea mama ipo hadi leo. Nilipokuwa na miaka tisa au kumi akaanza kukosa usingizi, akawa anazungumza na watu tusiowaona, akasema majirani wanatia kitu kwenye maji yake. Bibi aliuza mbuzi, mmoja baada ya mwingine, akampeleka kwa mganga, na huko mjomba alifungwa kamba majuma mengi. Simlaumu bibi. Alimpenda mwanawe na alifanya alichokijua. Mbuzi walipokwisha ndipo wakampeleka Mirembe, na mimi nikawa ndiye wa kubeba uji, kwenye chupa ya chai, nikifuatana na mama.

Siku ya kwanza tulimkuta amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, magoti kifuani. Akaja muuguzi, kijana tu, mjomba alimzidi umri kwa mbali. Akamwita mama pembeni, akamwuliza, "Huyu mzee nyumbani anafanya kazi gani?" Mama akasema ni seremala. Yule kijana akarudi, akachuchumaa palepale sakafuni mbele ya mjomba, akasema, "Shikamoo, fundi."

Nataka mwelewe uzito wa jambo hilo. Mtu akishaitwa kichaa, shikamoo yake inakwisha. Watoto wanamrushia mawe, na watu wazima wanamsema akiwa amekaa hapohapo: amekula? amelala? Anayeulizwa ni ndugu yake, yeye haulizwi. Karibu mwaka mzima hakuna mtoto aliyekuwa amemwamkia mjomba wangu. Mimi mwenyewe, mpwa wake, nilikuwa nimeacha, kwa woga. Na sasa mtu mwenye sare nyeupe amechuchumaa, anamwamkia, tena kwa cheo chake.

Mjomba hakujibu. Muuguzi hakurudia salamu, hakuondoka, hakumgusa. Alibaki vilevile. Nilikuwa nimeshika ile chupa ya uji na mkono ukaanza kuniuma, ndiyo maana nakumbuka kwamba tulingoja sana. Halafu mjomba, bila kuinua macho, akasema, "Marahaba." Akanyamaza tena. Kisha akasema, "Ila mikono inauma." Hapo ndipo yule kijana alipoishika mikono yake, akakunja mikono ya shati, na sote tukaviona vidonda vya kamba vilivyokuwa vimeanza kutoa usaha.

Kuna jambo jingine nililojifunza kwenye wodi ile, nalo nalitumia kila siku ya kazi. Mjomba alipoanza kuchomwa sindano za haloperido, muuguzi mmoja mama mtu mzima alimwambia mama yangu: "Dawa hii ni nzuri, lakini inaweza kumkaza shingo. Ikitokea, msiogope, niite mimi." Kesho yake jioni shingo ya mjomba ikapinda kuelekea nyuma, macho yakaganda kutazama dari, ulimi ukawa mzito. Bibi akapiga yowe kwamba pepo limepanda. Angekuwa peke yake siku ile, angembeba mwanawe akarudi naye kwa mganga, na sidhani kama tungemwona tena hospitali. Lakini mama alikuwa ameshaambiwa. Akakimbia kumwita muuguzi, mjomba akachomwa sindano nyingine, na haikupita nusu saa shingo ikalegea. Bibi alikaa chini akalia kwa kuona kwamba lile lililomtisha lilikuwa na jina, na dawa yake ilikuwa ndani ya kabati. Mimi leo siandiki dawa yoyote kabla sijamwambia mgonjwa maudhi yake, na nikiweza namwambia na aliyemsindikiza.

Basi nikasoma uuguzi. Nilifanya kazi wodini nyumbani miaka kadhaa, kisha nikapata viza ya bahati nasibu, na yaliyofuata mnayajua kwa sababu wengi wenu mmeyapitia. Nilibeba boksi. Niliosha wazee, shifti mbili kwa siku, leseni yangu ya uuguzi ya Tanzania ikiwa ndani ya bahasha chini ya kitanda. Watu huizungumza kazi ile kana kwamba ni aibu. Mimi ilinifundisha. Kulikuwa na bibi mmoja, wazazi wake walitoka Norwe kama wazee wengi wa jimbo hili, ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemla Kiingereza chote. Kilichobaki ni Kinorwe cha utotoni. Wenzangu walisema anabwabwaja. Siku mwanawe alipokuja akatuambia kwamba mama yake, kila jioni tunapomvua nguo za kuogeshwa, huwa anasema: nasikia baridi, nasikia baridi. Miezi mingapi tulimwogesha mwenye baridi! Niliomba mashuka mawili yawekwe kwenye kikaushio kabla ya kumwogesha, tukawa tunamfunika ya moto, akaacha kupiga kelele. Tangu hapo naamini kwamba mtu akiumwa sana hurudi kwenye lugha aliyonyonya nayo, na anayemtibu akiikosa lugha hiyo hukosa ugonjwa.

Nikafanya mtihani wa leseni, nikawa muuguzi kamili hapa, nikasoma usiku mpaka shahada ya uzamili ya uuguzi wa magonjwa ya akili. Kazi niliyo nayo sasa nyumbani haina jina linalofanana nayo, kwa hiyo niieleze. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha mafunzo ya wauguzi ambao wangeweza kumpima mgonjwa, kutambua anachoumwa na kumtibu wenyewe, kwa sababu vijijini watoto hawakuwa na daktari. Kutoka hapo yakaja matawi, na la kwangu ni la akili. Ninamsikiliza mgonjwa, ninatambua ugonjwa, ninaandika dawa, ninafuatilia vipimo vya damu, na ninafanya naye tiba ya mazungumzo. Hapa Minnesota, tangu mwaka 2015, muuguzi wa ngazi hii akishamaliza saa 2,080 za kufanya kazi kwa makubaliano na wenzake waliomtangulia, anaruhusiwa kusimama kwa leseni yake mwenyewe. Mtu akinitania kwamba ni unesi uliopanda cheo, namwambia kule kwetu wilayani mratibu wa afya ya akili mara nyingi ni muuguzi, na amefanya kazi hii miaka nenda rudi bila mtu kumtungia cheo. Niliokuwa nawaona Dodoma walikuwa tayari ndio mimi wa leo.

Sasa niwaambie nilipokosea.

Nilikuwa muuguzi katika hospitali moja ya hapa, sitaitaja. Alikuja kijana wa Kikenya, dereva wa lori la masafa, ameletwa na mkewe kwa sababu halali wala hali. Nilikuwa na wagonjwa wengi siku ile. Nikamfanyia vipimo, na nilipomaliza, nikiwa natoka, nikamwuliza anajisikiaje kwa ujumla. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba yuko sawa. Nikaandika kwenye kompyuta kwamba anaendelea vizuri. Baada ya siku tatu aliletwa na gari la wagonjwa, alikuwa amejaribu kujiua. Mungu ni mwema, alipona. Nilikwenda kitandani kwake kumwomba radhi, maana nilikuwa silali. Hakunikasirikia. Akasema, "Dada, nilitaka kukwambia. Lakini niliona mkono wako umeshika kitasa."

Mkono umeshika kitasa. Nilimwuliza swali la muhimu kuliko yote nikiwa nimeshafungua mlango. Mwili wangu ulikuwa umeshamjibu kwa niaba yake. Hildegard Peplau, muuguzi wa Kimarekani aliyeanzisha mafunzo ya uzamili ya fani yetu miaka ya 1950, alifundisha kwamba uhusiano wa muuguzi na mgonjwa ndio kazi yenyewe, sindano na vidonge vinaingia ndani ya uhusiano huo. Nilikuwa nimelisoma hilo na nikalifaulu kwenye mtihani. Na bado nilishika kitasa.

Kwa hiyo sasa nakaa. Mgonjwa wa mara ya kwanza napewa naye saa moja, wa marudio dakika 20, na dakika hizo hazitoshi, najua. Lakini dakika za mwanzo sifungui kompyuta. Naweka kiti changu chini kidogo kuliko chake. Mzee namwamkia, hata kama ameletwa na polisi, hata kama ananitukana. Nauliza habari za nyumbani, za watoto, za safari, anasema nzuri, nzuri, salama. Halafu nanyamaza. Wenzangu wa hapa wanapata taabu sana na ukimya, wanaona kama kuna kitu kimeharibika. Sisi tumelelewa nao. Mara nyingi "ila" inakuja ndani ya dakika mbili.

Na ikija, mtu hasemi "nina sonona", yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito. Anasema mawazo yamenizidi. Anasema kichwa kinapata moto, moyo unaenda mbio, kuna kitu kinatembea mgongoni, roho inauma. Ameshakwenda kwa madaktari wa moyo, wa tumbo, wa mgongo, vipimo vyote visafi, ameambiwa huumwi. Kumwambia mtu mwenye maumivu kwamba haumwi ni kumfukuza. Mimi nalichukua neno lake kama lilivyo, namwambia tuutafute huo moto unatoka wapi.

Tuna dodoso la maswali 9 linalotumika karibu kila kliniki, alama zake ni 0 hadi 27, na lipo kwa Kiswahili. Ni chombo kizuri. Lakini swali la kwanza linauliza kama umepungukiwa hamu ya kufanya mambo. Nilimwuliza mama mmoja mwenye kazi mbili na watoto wanne, akaniangalia kwa mshangao. "Hamu? Hamu ya nini, mwanangu? Mimi nafanya tu." Ningeandika sifuri nikaendelea. Nikamwuliza, siku ya mapumziko inakuwaje? Akafikiri. "Nakaa kwenye gari pale nje ya nyumba. Nimeshazima injini. Nakaa mpaka simu iishe chaji." Saa ngapi hizo? "Saa tatu, nne." Watoto wanajua? "Wananiangalia dirishani." Dodoso halina mahali pa kuandika mama aliyekaa ndani ya gari lililozimwa huku watoto wanamwangalia dirishani. Lakini hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa.

Ndugu zangu wa Kongo, hili linawahusu zaidi. Wengi wenu mlipita Nyarugusu, kule Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, na wapo watoto waliozaliwa humo wakakulia humo kabla ya kupanda ndege kuja huku. Nililetewa mama mmoja kutoka Kivu. Aliyekuwa anamtafsiria ni binti yake wa miaka kumi na moja. Kwenye kliniki alikotoka, nayo sitaitaja, walikuwa wamemtumia mtoto huyo kama mkalimani mara tatu. Kila walipouliza kama aliwahi kupatwa na jambo baya, mama alijibu, "Niko muzuri," na mtoto akatafsiri yuko vizuri. Mlitaka aseme nini? Aliyowahi kufanyiwa vitani ayaseme kwa kinywa cha bintiye? Nilimpa yule mtoto karatasi na kalamu za rangi, nikampeleka mapokezi, nikafunga mlango, nikakaa. Sikuuliza kitu kuhusu vita. Nilimwuliza kule Nyarugusu walikuwa wanapika kwa kuni au kwa mkaa, na kuni walizipata wapi. Alinieleza kuhusu kuni kwa muda mrefu, njia ya kwenda kuzikata, wanawake waliokuwa wanakwenda wote pamoja kwa ajili ya usalama. Siku ile hakufika kwenye "ila". Alifika safari ya nne. Na aliyoyasema yatabaki kati yangu na yeye.

Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 ndiyo msingi wa haki yenu hii: hospitali inayopokea fedha za serikali kuu lazima ikutafutie mkalimani, na hulipi kitu. Ukiona mkalimani waliyemleta ni jirani yako, una haki ya kusema huyu simtaki, nitafutieni mwingine, hata kwa simu, hata aliye jimbo jingine. Msiwabebeshe watoto. Mtoto anaweza kutafsiri bili ya umeme. Hili asilibebe.

Najua kinachowazuia wengi. Ni umbea. Mji ni mdogo, Waswahili tunajuana, ukionekana kwenye maegesho ya kliniki yetu, jioni umeshafika kwenye kundi la WhatsApp. Mimi siwezi kuwazuia watu kuona gari lako. Ninachoweza ni hiki: sheria ya HIPAA ya mwaka 1996, ya kulinda siri za wagonjwa, inanifunga mdomo, na mbali na sheria, nikikutana nawe msibani au harusini sitakusalimu kama mtu ninayekujua mpaka wewe uanze. Mtu mmoja aliona nimemnunia kwenye arusi, akakasirika. Alipoelewa, akaleta na mdogo wake.

Wachungaji na masheikh, naomba niseme nanyi kwa unyenyekevu. Sipigani na maombi. Mimi mwenyewe nasali, na mgonjwa anayeombewa na anayetembelewa hupona vizuri kuliko aliyeachwa peke yake, hilo naliona kila wiki. Tena mara nyingine ninyi mnanisaidia kuelewa. Fomu zetu zina swali: unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii? Mama wa maombi atajibu ndiyo, Roho Mtakatifu husema nami. Kuna mahali mama kama huyo aliandikiwa dawa kali kwa jibu hilo moja. Mimi nauliza zaidi. Sauti inakuja wakati gani? Inasema nini? Ikiondoka inakuacha na amani au na hofu? Wenzako wa kanisani wanaionaje? Anayesikia faraja alfajiri akiwa kwenye magoti namwacha na Mungu wake. Anayetukanwa na sauti mchana kutwa, ikimkataza kula chakula cha mkewe, huyo anaumwa, na mchungaji wake mwenyewe ndiye aliyenipigia simu kwamba, "Nesi, hii sauti siyo ile tunayoijua sisi." Namshukuru sana mchungaji yule.

Ninaloomba kwenu ni moja, na ni zito. Msimwambie mtu aache dawa. Na kabla ya kumfungisha mgonjwa, mwulizeni anameza nini. Wapo wanaotumia lithiamu kwa ajili ya baipola, ugonjwa wa hisia kupanda mno na kushuka mno. Dawa ile inategemea maji na chumvi mwilini. Mtu akifunga kavu siku tatu, au akifunga Ramadhani kipindi ambacho mchana wa hapa ni mrefu mno, mwili unakauka na lithiamu inapanda kwenye damu. Mikono inatetemeka, anatapika, anapepesuka kama mlevi, akili inachanganyika, na anaweza kufa. Atakayemwona atasema ni mapambano ya kiroho. Nipigieni kwanza. Wakati mwingine tunabadilisha dawa miezi kadhaa kabla, ili mtu afunge kwa amani. Wengine tunakubaliana, pamoja na sheikh, kwamba atalisha maskini badala ya kufunga.

Na dawa za sonona, kwa kuwa mnaniuliza sana: sertralini na ndugu zake si dawa za kulewesha, na hazikubadilishi ukawa mtu mwingine. Ila, na mimi nina "ila" yangu, zinachelewa. Wiki mbili za mwanzo tumbo linaweza kuchafuka na usingizi ukavurugika, na nafuu yenyewe inakuja wiki ya nne hadi ya sita. Wengi wanaziacha wiki ya pili, wanasema hazifanyi kazi. Kijana wa chini ya miaka 25 namwita kila wiki mwanzoni, maana kuna wachache ambao mawazo ya kifo huwazidi kabla hayajapungua, na nataka kumwona uso wake. Msiache ghafla. Msigawane vidonge. Najua tunagawana, kwa upendo kabisa, dada anampa dada yake. Msifanye hivyo.

Kuhusu kifo, niseme wazi kwa sababu yule dereva alinifundisha. Kumwuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Swali hilo linamtua mzigo. Muulizeni, kwa Kiswahili, mkiwa mmekaa. Wakenya wengi mmekua mkijua kwamba kujaribu kujiua ni kosa la jinai, mtu anatoka hospitali anaingia kortini. Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitamka kwamba kifungu kile, cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinakwenda kinyume na Katiba. Hapa mlipo, kuumwa si kosa. Kuna namba ya simu 988, ya kumsaidia mwenye mawazo ya kujiua, imeanza Julai 2022, unapiga saa yoyote, usiku wa manane, unaomba mkalimani wa Kiswahili. Iandikeni sasa hivi kwenye simu, nawasubiri. Na wewe kaka wa kofia nyekundu, nimekuona, iandike na wewe.

Ahsanteni.

Mjomba wangu yupo hai. Amezeeka, mkono wa kulia unamtetemeka kwa ajili ya dawa za miaka mingi na randa haishiki tena, lakini anakaa kwenye benchi lake anawaelekeza vijana, na wanamwita fundi. Nampigia kila Jumapili baada ya ibada. Shikamoo mjomba. Marahaba. Habari za hapo? Nzuri. Halafu nangoja, nasikia jogoo na msumeno kwa mbali. Jumapili iliyopita alisema, "Ila mvua zimetusahau mwaka huu." Tukazungumza juu ya mvua karibu nusu saa.

Chai iko tayari, akina mama wameshaandaa maandazi na sambusa. Mimi nitakaa pale pembeni, mbali na spika, kuna viti viwili. Sitakuwa na kalamu wala kompyuta. Ufunguo wa ukumbi ninao mimi leo, kwa hiyo hakuna wa kututoa.